Boma la Serikali katika Nchi ya Songea: Neno, Nyumba na Ukumbusho

Mtu wa Lusewa aliyeitwa na serikali katika siku za babu zetu hakusema kwamba anakwenda ofisini. Alisema kwamba anakwenda bomani. Neno hilo moja lilitosha kueleza mambo mengi: kodi, shauri, cheti, kifungo, tena safari ya siku kadhaa kwa miguu hata Songea. Siku hizi Lusewa haimo tena katika Wilaya ya Songea, maana tangu mwaka 2002 imo katika Wilaya ya Namtumbo, na mambo mengi yaliyokuwa yakikatwa Songea hukatwa karibu zaidi. Lakini neno limebaki vinywani mwa wazee, na katika miji mingi ya Tanzania nyumba yenyewe imebaki pia, ama ikitumika bado, ama ikianguka polepole.

Katika kurasa hizi twataka kuuliza mambo matatu. Kwanza, neno boma limetoka wapi, na lilipataje maana ya serikali? Pili, nyumba zilizoitwa maboma zilijengwaje, na kazi gani ilifanywa ndani yake? Tatu, je, yafaa kuzitunza nyumba hizo, hali nyingi zilijengwa kwa jasho la watu waliolazimishwa, na katika baadhi yake zilitolewa hukumu ambazo watu wa Songea hawajazisahau hata leo? Swali la tatu ndilo gumu, wala hatuwezi kulijibu vema tusipojua kwanza habari za hayo mawili yaliyotangulia.

1. NENO LENYEWE

Boma kwa asili si nyumba ya serikali, wala si nyumba kabisa. Ni kizuizi: ua wa miti, au wa miiba, au wa mawe, unaozunguka mji, kambi au zizi ili kuzuia adui na wanyama wakali. Mchungaji hujenga boma la ng'ombe wake. Msafiri wa zamani alipolala porini alikata miiba akazungusha boma. Mtawala aliyeogopa vita alizungushia mji wake boma la magogo. Maana hii haikufa. Karibu na mlima Kilimanjaro uko mji uitwao Bomang'ombe, na jina lake lajieleza lenyewe.

Wako watu wasemao ya kwamba boma ni herufi nne tu, zilizotwaliwa kila moja mwanzoni mwa neno la Kiingereza, na kwamba maneno hayo manne yalikuwa jina la idara ya Waingereza ya kutawala nchi za ng'ambo. Habari hii imeenea sana, hata baadhi ya waalimu huifundisha, lakini si ya kweli. Henry Stanley aliliandika neno boma katika kitabu chake cha safari ya kumtafuta Livingstone, kilichopigwa chapa mwaka 1872. Ludwig Krapf aliliweka katika kamusi yake ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1882. Katika miaka hiyo Waingereza hawakuwa na utawala wo wote katika bara ya Afrika Mashariki. Basi neno laweza kuzaliwaje kabla ya idara inayodhaniwa kulizaa? Hapa pana fundisho kwa kila apendaye kuchunguza asili ya maneno: kabla ya kusadiki hadithi tamu ya neno, na tuulize kwanza neno hilo lilianza kuandikwa lini, na nani aliyeliandika.

Mambo yalivyokwenda ni hivi. Wadachi, yaani Wajerumani, walipoingia bara, kazi yao ya kwanza mahali walipotua ilikuwa kuzungusha ua wa magogo na kuchimba handaki. Wenyeji na wapagazi waliouona ua huo waliuita kwa jina lake walilolijua, yaani boma. Baada ya miaka michache magogo yaliondolewa, ukuta wa mawe au matofali ukasimama mahali pake, na jina halikubadilika. Kisha nchi ilipotulia, ukuta ukawa hauna kazi tena, zikabaki ofisi tu. Jina halikubadilika vile vile. Hivyo jina la ua likawa jina la ngome, jina la ngome likawa jina la ofisi, na mwisho likawa jina la utawala wenyewe. Katika lugha ya Kichewa, huko Malawi, boma ndiyo serikali. Nao Wadachi walilitia katika Kidachi chao cha koloni, pamoja na maneno shauri na askari.

Si neno hili tu lililogeuka hivi. Gereza, kama wasemavyo wataalamu wa lugha, latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Lakini pwani kwetu likawa jina la ngome, na kwa kuwa wafungwa waliwekwa ngomeni, likawa jina la mahali pa kufungia watu. Jina la mji wa Iringa nalo latokana na neno la Kihehe, lilinga, lenye maana ya ngome, kama lile boma kubwa la mawe alilolijenga Mkwawa huko Kalenga. Katika maneno haya yote twaona jambo moja: watu huipa nyumba jina kwa kazi waliyoiona ikifanyika humo, wala si kwa jina alilolipenda mwenye kuijenga. Wadachi waliviita vituo vyao kwa majina ya kwao yenye maana ya kituo cha jeshi au ofisi ya wilaya. Raia hawakuyashika. Waliona ua, wakasema ua.

Na katika ua huo maneno mengine yalizaliwa au yalipata maana mpya. Afisa wa wilaya aliyekaa kusikiliza madai alikuja kuitwa bwana shauri. Sarafu ndogo ya Kidachi, iliyoanza kutumika mwaka 1904, iliacha jina la hela, ambalo leo latumika kwa fedha ya namna yo yote. Neno shule nalo ni la Kidachi. Ajabu ni hii, ya kuwa utawala wenyewe ulikoma zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na sisi twaendelea kuhesabu kwa neno lake na kusoma chini ya neno lake.

2. NYUMBA ZILIVYOJENGWA

Maboma ya pwani na maboma ya bara hayakuwa ya namna moja. Pwani Wadachi walikuta miji ya mawe, na mara nyingine walizitwaa nyumba zilizokuwako. Boma la Kale la Dar es Salaam lilijengwa yapata mwaka 1867, wakati wa Sultan Majid bin Said wa Zanzibar, kabla Mdachi hajafika. Baadaye likatumika kwa kazi za serikali. Kwingine walijenga upya, kama Mikindani mwaka 1895 na Bagamoyo mwaka 1897. Huko walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa, wakatumia boriti za mikoko, na mafundi wao walikuwa waashi wa pwani. Kwa hiyo mtu akilitazama boma la pwani ataona mikono miwili ndani yake: ramani ya mgeni, na ufundi wa mwenyeji aliyejifunza kazi kwa baba yake.

Bara mambo yalikuwa mengine. Hapakuwa na matumbawe, wala miji ya mawe. Na mgeni aliingia akiwa na hofu, kwa kuwa watu alioingia kwao walikuwa na silaha na walijua vita. Mwezi wa Agosti 1891 Wahehe waliliangamiza jeshi la Wadachi huko Lugalo, na habari hiyo haikusahauliwa na ye yote aliyechora ramani ya boma baada yake. Boma la bara kwa kawaida lilikuwa la pembe nne, lenye ua katikati. Ukuta wake ulikuwa mnene, madirisha ya nje yakiwa madogo au hayapo kabisa, na juu ya ukuta pana buruji na matundu ya kupigia bunduki. Mara nyingi mnara ulisimama pembeni, ili askari aliye juu aweze kuona na kupiga sambamba na ukuta, adui asipate pa kujibanza chini yake. Ndani ya ua zilikuwamo ofisi ya mkuu, sanduku la fedha, ghala ya silaha, nyumba za kulala na chumba cha wafungwa. Mlango mkubwa ulikuwa mmoja. Aliyeingia kulipa kodi na aliyeingia kufungwa waliingia kwa mlango ule ule.

Nani waliojenga? Katika Arusha, boma lililomalizika yapata mwaka 1900 lilijengwa kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru, waliokuwa wameshindwa vitani. Mkuu wa Wadachi katika nchi hizo alikuwa Kurt Johannes, ambaye katika siku zake Mangi Meli wa Moshi na wakuu wengine walinyongwa, tarehe 2 Machi 1900. Msomaji na alishike jina la Johannes, maana tutalikuta tena katika Songea.

3. BOMA LA SONGEA NA KAZI YAKE

Wadachi waliweka kituo chao katika nchi ya Wangoni mwaka 1897. Nchi hiyo ilikuwa na falme mbili za Kingoni, Njelu upande wa kusini na Mshope upande wa kaskazini. Kila ufalme ulikuwa na nkosi wake, na chini ya nkosi walikuwapo manduna waliotawala sehemu zao na kuongoza majeshi. Miongoni mwa manduna wa Njelu alikuwa Songea Mbano, mtu mwenye nguvu na sifa nyingi, hata kituo cha Wadachi kilipojengwa katika nchi yake kikaitwa kwa jina lake, na mji uliokua kukizunguka kituo ukaitwa hivyo hivyo. Neno hili ni la kukumbukwa: mji wa serikali ulipewa jina la mtu ambaye serikali hiyo hiyo ilimnyonga baadaye.

Tangu mwaka 1898 kodi ya nyumba ilianza kutozwa katika koloni nzima, kwa kawaida rupia tatu kwa nyumba moja ya kijijini. Kodi hii ndiyo iliyolifanya boma lijulikane na kila mtu, hata yule asiyekuwa na shauri lo lote. Asiyekuwa na rupia alipaswa kuzitafuta kwa kuuza mazao au kwa kazi, na pengine alilipa kwa kazi yenyewe. Zamani mtu alimpelekea mkubwa wake zawadi au akaenda kumlimia, naye mkubwa alimjua kwa uso na kwa ukoo. Sasa alihesabiwa kwa nyumba yake, akaandikwa kitabuni na karani asiyemjua. Mabadiliko haya ya desturi yalikuwa makubwa kuliko kuta za mawe.

Mwezi wa Julai 1905 vita vya Majimaji vilianza katika nchi ya Wamatumbi. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, ambaye dawa yake ya maji ilikuwa imeunganisha makabila yaliyokuwa mbalimbali, alinyongwa mapema mwezi wa Agosti, lakini vita vilikuwa vimekwisha kuenea. Tarehe 30 Agosti maelfu ya watu waliliendea boma la Mahenge wakakutana na bombomu. Wengi mno walikufa mbele ya ua ule. Hapo ndipo nguvu ya boma ilipoonekana waziwazi. Waliokuwa ndani walikuwa wachache, lakini walikuwa na ukuta, na bunduki, na risasi za kutosha. Mwezi wa Septemba Wangoni nao waliingia vitani. Misioni ya Peramiho, iliyoanzishwa na Wabenediktini mwaka 1898, ilichomwa moto. Na mwanzilishi wake, Cassian Spiss, aliyekuwa amekwisha kuwa askofu, alikuwa ameuawa mwezi wa Agosti alipokuwa safarini katika nchi ya Liwale.

Mwishoni mwa Novemba 1905 majeshi mapya yalifika Songea, na mkuu wao alikuwa Johannes, yule yule wa Kilimanjaro, sasa akiwa meja. Vita vikageuka. Askari walichoma vijiji na kuharibu chakula, na njaa ikafanywa silaha. Tarehe 27 Februari 1906 wakuu na wazee wa Kingoni zaidi ya sitini walinyongwa katika Songea, na pamoja nao Nkosi Mputa Gama wa Njelu. Wengi wao walibatizwa na padri wa Kibenediktini kabla ya kufa. Songea Mbano alinyongwa baada yao. Nkosi Chabruma wa Mshope alikimbilia nchi ya Wareno akafia huko. Katika vita vyote na njaa iliyofuata, hesabu ya Wadachi wenyewe ilisema kwamba watu elfu sabini na tano walikufa. Wataalamu wa baadaye wamesema kwamba hesabu ya kweli yafika laki mbili na nusu au laki tatu.

Vita Kuu ya kwanza ilipofika, Songea ilitwaliwa na majeshi ya Waingereza mwezi wa Septemba 1916. Mwenye boma akabadilika, boma lisibadilike. Mwaka 1926 ilitoka sheria ya serikali za wenyeji, na tangu hapo mabaraza ya wakuu wa kienyeji yalitoza kodi na kuhukumu mambo madogo, ila kila kitu kikubwa kilirudi bomani. Katika kila boma Waingereza waliweka kitabu cha wilaya, ambamo maafisa waliandika nasaba za wakuu, mila, mipaka, mvua na njaa. Kisha uhuru ulipofika, tarehe 9 Desemba 1961, katika miji mingi Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya aliketi katika chumba kile kile na nyuma ya meza ile ile. Mwaka 1963 utawala wa machifu uliondolewa kwa sheria, na mabaraza yao mengi yakabaki bila mwenyewe.

4. JE, YAFAA KUZITUNZA?

Sasa twaweza kulifikia swali la tatu. Wako wasemao: nyumba hizi ni alama za kutawaliwa. Babu zetu walizijenga kwa viboko; ndani yake walihukumiwa na watu wasiojua lugha yao; kwa nini tutumie mali yetu kutengeneza paa la aliyetuonea? Tena wasema ya kwamba nyumba ni chache, wagonjwa na wanafunzi ni wengi, na kiwanja cha katikati ya mji chaweza kubeba nyumba yenye faida zaidi. Maneno haya si ya upuzi, wala haifai kuyajibu kwa haraka.

Walakini twaona sababu tatu za kutunza.

Ya kwanza ni hii, ya kwamba nyumba ni ushahidi. Habari za Majimaji ziliandikwa mwanzoni na washindi karibu peke yao. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini kuwauliza wazee waliokuwa hai, wakaandika maneno yao. Lakini wazee wale hawako tena. Karatasi zaweza kuliwa na mchwa, na mwenye kumbukumbu hufa. Ukuta wenye matundu ya bunduki wamwambia mtoto, bila kitabu, kwamba aliyejenga hapa aliwaogopa watu wa nchi hii. Mtawala asiyeogopa hajengi ukuta wa namna ile. Boma likibomolewa, ungamo hilo la mtawala nalo limekwenda.

Ya pili ni kwamba nyumba hizi si za mtawala peke yake. Aliyechoma chokaa, aliyebeba jiwe, aliyepanga boriti, alikuwa mtu wa nchi hii. Tukisema kwamba kazi ile si yetu kwa sababu ililazimishwa, tutakuwa tumemnyang'anya mfanya kazi mara mbili: kwanza ujira wake, na sasa jina lake.

Ya tatu ni kwamba ukumbusho wa waliokufa wahitaji mahali pawili. Songea ina makumbusho ya Majimaji, yaliyoanzishwa mwaka 1980 na kutiwa chini ya Makumbusho ya Taifa mwaka 2010. Hapo pana kaburi la mashujaa, na kila mwaka mwezi wa Februari watu hukusanyika kuwakumbuka. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akaomba msamaha kwa yale yaliyotendwa na Wajerumani, akaahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha Songea Mbano, ambacho wazao wake wasema kilipelekwa Ulaya. Hayo yote ni mema. Lakini kaburi laonyesha mwisho wa jambo tu. Jinsi watu walivyohesabiwa, wakatozwa, wakaitwa, wakahukumiwa kwa karatasi, hayo yaonekana ofisini. Mwanafunzi akionyeshwa kitanzi asionyeshwe meza, ataondoka akidhani kwamba ubaya ni kazi ya watu wakali tu, naye hatajua kwamba mara nyingi ulifanywa kwa utaratibu, kwa kalamu na muhuri.

Hebu tutazame yaliyofanyika kwingine, tupate kujifunza. Boma la Arusha limekuwa makumbusho ya elimu ya viumbe tangu mwaka 1987. Boma la Mikindani lilitengenezwa upya na shirika la hisani liitwalo Trade Aid, likafanywa nyumba ya wageni. Nyumba ya Iringa, iliyojengwa na Wadachi mwaka 1914 iwe hospitali ya askari na kutumiwa baadaye kwa ofisi za Waingereza, ilifunguliwa mwaka 2016 kuwa makumbusho ya mkoa. Njia hizi tatu zote zimeokoa kuta. Lakini si zote zasimulia habari sawasawa. Mgeni aweza kulala usingizi mzuri katika boma asijue nani aliyelala humo na minyororo. Naye mtoto wa shule aweza kutazama ndege na wadudu waliokaushwa, asisikie lo lote juu ya watu waliobeba mawe. Kutunza ukuta bila kusimulia habari yake ni nusu ya kazi.

5. SHERIA NA HATARI

Watu wengi hudhani ya kuwa nyumba ikiwa ya Wadachi, basi yalindwa na sheria yenyewe kwa uzee wake. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huvilinda bila tangazo vitu na majengo yaliyofanywa kabla ya mwaka 1863. Maboma ya Wadachi yote yalijengwa baada ya mwaka huo; hata Boma la Kale la Dar es Salaam, la wakati wa Sultan Majid, lakosa kwa miaka michache. Nyumba ya baada ya 1863 hulindwa pale tu waziri mwenye madaraka anapotangaza kwamba ni ya ukumbusho. Maana yake ni hii: boma ambalo hakuna mtu aliyelisemea halina mlinzi, na laweza kubomolewa bila kuvunja sheria.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi katika miaka ya karibuni. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini serikali ilianza kuhamia huko kwa nguvu tangu mwaka 2016, na mwaka 2018 ikatoka sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Ofisi za kale za Kivukoni, Dar es Salaam, zilizojengwa wakati wa Wadachi kukabili bandari, zilikuwa kwa miaka mingi nyumba za wizara. Na mikoani, wilaya mpya zinapogawanywa na ofisi mpya kujengwa, ile ya zamani huachwa. Nyumba inayotumiwa, hata kama yatumiwa vibaya, ina mtu wa kuziba paa linapovuja. Nyumba iliyoachwa huanguka katika masika machache.

Iko na hatari nyingine, nayo hutoka kwa wenye nia njema. Ukuta wa kale uliounganishwa kwa udongo na chokaa hunyonya maji ya mvua, kisha huyatoa tena jua linapowaka. Fundi asiyejua huja akaupiga lipu ya saruji ili uonekane mpya. Saruji ni ngumu, haipitishi unyevu. Maji huingia kwa nyufa na kutoka chini ardhini, yakazuiliwa ndani, udongo ukalainika, na baada ya miaka michache lipu huanguka pamoja na uso wa ukuta. Dawa yake ni kutumia chokaa kama walivyotumia waashi wa kwanza, kusafisha mifereji, na zaidi ya yote kulitunza paa. Kazi hii haidai fedha nyingi kama kujenga upya; yadai maarifa na uangalifu wa kila mwaka.

6. KAZI YA WASOMAJI WETU

Waalimu na mapadri wanaosoma kurasa hizi hawana mamlaka juu ya majengo ya serikali. Lakini wana mambo mawili ambayo hata serikali haina kila mahali: wanakaa na watu, na misioni nyingi zina vitabu vya kumbukumbu vilivyoandikwa siku kwa siku tangu zamani. Hapo kuna habari za njaa, za kodi, za njia, za nyumba ipi ilijengwa mwaka gani na nani aliyefyatua matofali. Vitabu hivyo visiachwe kwa mchwa.

Tena mwalimu wa Lusewa, au wa kijiji cho chote kilichokuwa mbali na Songea, asidhani kwamba habari za boma si zake kwa sababu hana boma. Yeye ndiye aliye karibu na wale waliokwenda na kurudi. Na awaulize wazee maswali rahisi: baba zenu walifuata njia ipi kwenda bomani, na walilala wapi? Walibeba chakula gani? Kodi iliuzwa nini ipatikane? Baraza la wenyeji lilikaa wapi, na nyumba yake yatumikaje leo? Neno gani lilitumika hapa kabla ya neno boma, kwa Kindendeule, kwa Kiyao, kwa Kingoni? Majibu na yaandikwe kwa maneno yale yale ya msemaji, pamoja na tarehe na kijiji, wala yasisahihishwe yawe Kiswahili cha kitabuni. Kisha nakala moja ibaki shuleni, na nyingine ipelekwe mahali palipo salama.

Na penye nyumba ya zamani ya serikali au ya baraza, waalimu na wazee waweza kuandika kwa pamoja kwa mkuu wa wilaya na kwa idara ya mambo ya kale, wakieleza nyumba hiyo ni ipi na kwa nini yastahili kutangazwa. Barua kama hiyo ni jambo dogo, lakini kama tulivyokwisha ona, kwa majengo ya baada ya 1863 sheria hungojea tangazo, na tangazo huanza kwa mtu aliyesema.

Neno boma lilianza likiwa jina la ua uliojengwa ili kuwatenga waliomo na waliopo nje. Kwa miaka mingi babu zetu walisimama nje ya ua huo wakingoja kuitwa. Leo mlango u wazi, na funguo zi mikononi mwa wajukuu wao. Yatupasa tuingie, tutazame vema, tuandike tuliyoyaona, ndipo tuamue kwa akili ni kuta zipi zibaki.